Kukereza bakuli la mwembe lenye nyufa kwa kutumia epoksi

Mwembe ukikatwa mjini, gogo lake huishia kuwa kuni au mkaa, kwa sababu hupasuka upesi na fundi wa fenicha hana haja nalo. Kwa mwenye mashine ya kukereza, gogo hilohilo ni mali. Mti wake hukatika kirahisi, rangi yake huanzia manjano hafifu hadi kahawia, na ukilazwa chini kwa muda kuvu huuingia na kuuchora mistari myeusi ambayo hakuna rangi ya dukani inayoifikia. Kikwazo ni nyufa. Epoksi, gundi ya maji ya makopo mawili inayochanganywa ikaganda kuwa ngumu, inazijaza, inazishikamanisha pande mbili za ufa, na bakuli linatoka zima.

Ila epoksi haiuponyi mti mbichi. Kazi nyingi huharibika kabla hata kopo halijafunguliwa, pale fundi alipodhani kipande kimekauka. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa kwenye ukavu na vipimo kuliko kwenye rangi na mapambo. Mfano wetu ni bakuli la upana wa sentimita 20 na kina cha sentimita 7 hivi. Hatua hizi zinafaa pia kwa chombo cha maua, mguu wa meza au mpini.

1. Chagua kipande

Tafuta kipande chenye ufa mmoja au miwili inayoonekana wazi, iliyokwishafunguka na kutulia. Kipande chenye nyufa ndogondogo zilizotawanyika kila upande kiache, kwa sababu epoksi nzito haiingii kwenye ufa mwembamba kama unywele, na ufa huo ndio utakaokirusha kipande kikiwa kinazunguka. Gonga kwa kipande cha chuma na usikilize: mti mzima hulia wazi, mti uliooza ndani hutoa sauti butu. Bonyeza kwa ncha ya kisu sehemu zenye madoa ya kuvu. Kisu kikizama bila nguvu, sehemu hiyo imekwisha.

Ondoa ganda lote. Epoksi itashika ganda vizuri sana, lakini ganda lenyewe halijashika mti.

Mwembe ni wa ukoo mmoja na mkorosho, na utomvu wake huwasha ngozi za watu wengi. Ukikata gogo bichi vaa mikono mirefu na glavu, na usijipanguse uso.

2. Kausha, kisha pima

Gogo zima likiachwa lijikaushe lenyewe, kila sentimita 2.5 za unene huchukua karibu mwaka mmoja. Njia fupi ni kulikereza bakuli mara mbili. Mara ya kwanza, mti ukiwa bado mbichi, toa umbo la jumla na uache ukuta mnene, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya upana. Bakuli la sentimita 20 liachie ukuta wa sentimita 2. Paka nta au rangi nzito kwenye sehemu zinazoonyesha vichwa vya nyuzi, kwa kuwa hapo ndipo maji hutoka mbio na kusababisha mpasuko. Liweke kivulini, mbali na upepo mkali, kwa miezi kadhaa. Litajipinda na huenda likapasuka. Acha lijipinde, acha lipasuke. Nyufa zitakazotokea sasa ndizo utakazozijaza, na kwa kuwa mti umemaliza kujivuta, hazitafunguka tena.

Utajuaje kwamba limekauka? Kama huna kipima unyevu, tumia mizani ya jikoni ya kidijitali. Pima bakuli kila wiki na uandike uzito kwa penseli kwenye kitako chake. Uzito ukibaki uleule kwa wiki tatu mfululizo, mti umelingana na hewa ya hapo ulipo. Lakini "kulingana na hewa" ya pwani si sawa na ya Dodoma. Dar es Salaam, Mombasa au Unguja, mti uliotulia kivulini bado unabaki na unyevu wa asilimia 14 hivi, na epoksi inapenda mti ulio chini ya asilimia 12.

Ukitaka namba kamili, kata kipande kidogo cha mti uleule, kipime, kisha kiweke kwenye oveni yenye joto la nyuzi 103 za Selsiasi hadi uzito usishuke tena. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa mwanzo, gawa kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Kipande cha gramu 200 kilichoshuka hadi 175 kilikuwa na gramu 25 za maji. Ukigawa 25 kwa 175 unapata asilimia 14.3. Hapo bakuli lenyewe lipe siku chache zaidi kwenye sanduku lililofungwa lenye taa ya joto ndogo, kisha pima upya.

Kwa nini usumbufu wote huu? Epoksi ikikutana na unyevu hutoa viputo na ukungu mweupe, na mti ukiendelea kusinyaa ndani ya rezini (ndiyo epoksi hiyo) iliyokwisha kuganda, mshikamano huachia pembeni. Utauona mstari wa hewa ukizunguka ufa, na hakuna dawa yake.

3. Nunua rezini iliyo sahihi

Dukani neno "rezini" hubeba vitu viwili tofauti. Kuna rezini ya poliesta, ile inayotumiwa na mafundi wa faiba kwenye boti na matangi, na kuna epoksi. Utazitambua kwa hadina, yaani kile kimiminika cha pili kinachochanganywa na rezini ili igande. Poliesta huja na kichupa kidogo cha hadina ya kuhesabu kwa matone, asilimia moja au mbili tu, na harufu yake ni kali mno. Epoksi huja na hadina nyingi: kopo mbili zinazolingana, au moja ikiwa nusu ya nyingine. Poliesta husinyaa zaidi ikiganda na haishiki mti vizuri. Kwa kazi hii iache.

Hata ndani ya epoksi zipo aina mbili. Ya kupaka juu ya meza ni nzito na huganda upesi, na mara nyingi lebo yake huruhusu milimita 3 hadi 6 tu kwa mkupuo. Ya kumimina kwa kina ni nyepesi, huganda polepole, na nyingi huruhusu sentimita 2.5 hadi 5. Bakuli linataka hii ya pili. Ile gundi ya mirija miwili inayokauka kwa dakika tano inafaa kwa kaufa kadogo tu. Kwenye kina huwa na ukungu na ulaini.

Soma lebo upate mambo manne: uwiano wa kuchanganya, kama uwiano huo ni wa ujazo au wa uzito, kina cha juu cha mkupuo mmoja, na muda wa kuganda kabisa. Kopo lisilo na maelezo hayo usilinunue hata likiwa nusu ya bei.

4. Safisha ufa na uuzibe

Kwa kisu chembamba na brashi ya waya, toa uchafu, mti uliolegea na vumbi la dumuzi ndani ya ufa, kisha puliza kwa hewa. Kwa mwembe hilo linatosha. Ukifanya kazi na mpingo au mti mwingine wenye mafuta, pangusa ndani kwa kitambaa chenye asetoni muda mfupi kabla ya kumimina, maana mafuta hurudi juu na kuzuia rezini isishike.

Funika ufa kwa nje na chini kwa selotepu pana, ukiibana kwa vidole hadi isiwe na mkunjo. Pembeni ongeza gundi ya moto. Epoksi nyepesi hupenya popote maji yanapopenya, kwa hiyo usidharau katundu. Watu wengi hupenda kulizamisha bakuli zima ndani ya rezini. Mimi sioni faida yake: rezini ni ghali na mti ndio wenye uzuri. Jaza ufa tu.

Kama upande mzima wa kipande umekosekana, basi utahitaji kalibu. Ndoo ndogo ya plastiki inatosha. Geuza utazame kitako: yenye namba 2 au 5 ndani ya pembetatu haishikwi na epoksi. Kipande cha mwembe kitaelea, kwa sababu mti wake ni mwepesi kuliko rezini, kwa hiyo kigundishe chini au kikandamize kwa uzito. Mpingo, ambao huzama hata majini, hauna shida hiyo.

Sasa hatua ambayo watu huiruka. Changanya epoksi kidogo sana, upake kwa brashi kuta zote za ufa, tabaka jembamba, na uache hadi iwe inanata bila kuchafua kidole. Mti una vinyweleo vilivyojaa hewa. Tabaka hili linavifunga, na hewa haitapanda tena kuwa viputo katikati ya kazi yako.

5. Pima na uchanganye

Kujua kiasi cha rezini, mimina mchele mkavu kwenye ufa hadi usawa wa juu, kisha umwage kwenye kikombe chenye vipimo. Mchele ukifika mililita 270, andaa mililita 300 hivi, kwa sababu kiasi fulani hubaki kwenye kuta za kikombe na kingine huzama ndani ya mti. Puliza ufa tena usibakize punje. (Fanya kipimo hiki kabla ya kupaka lile tabaka la kuziba, la sivyo mchele utanata.)

Uwiano ukiwa 2 kwa 1 kwa ujazo, mililita 300 ni rezini 200 na hadina 100. Usichukue namba hizohizo ukaziweka kwenye mizani. Rezini ni nzito kuliko hadina, na kopo la 2 kwa 1 kwa ujazo kwa kawaida huwa karibu 100 kwa 43 hadi 45 kwa uzito. Ukipima gramu 200 kwa 100 umezidisha hadina, na kazi itabaki laini. Kama lebo inataja uzito, tumia mizani. Kama inataja ujazo pekee, tumia vikombe vyenye mistari.

Kuongeza hadina ili igande haraka ni kuiua kazi. Hadina si kichocheo tu: yenyewe inaungana na rezini, na ile iliyozidi haina wa kuungana naye, inabaki ndani kama mafuta. Ukitaka kuharakisha, badili aina ya epoksi.

Koroga taratibu kwa dakika nne au tano kwa kijiti bapa, ukikwangua kuta na kitako cha kikombe. Michirizi ikiisha, mimina kwenye kikombe cha pili kisafi na ukoroge tena dakika moja. Kikombe cha pili kinaonekana kama kupoteza muda, lakini rezini isiyochanganyika hung'ang'ania ukuta wa kikombe cha kwanza, na ukikikwangua chote juu ya ufa ndipo unapata yale madoa yanayonata yasiyokauka milele.

Rangi iwe ya unga mkavu au ile maalumu ya rezini, isizidi asilimia 5 ya uzito wote. Rangi za maji za ukutani zinaleta unyevu uleule uliokuwa ukiukimbia. Kwa mwembe napenda zaidi unga mkavu wa kahawa au unga wa mpingo uliochujwa: ufa unakuwa mweusi, unakaa pamoja na mistari ya kuvu kana kwamba ulizaliwa nao. Bluu inayometameta huvutia siku ya kwanza, na baada ya hapo jicho linaona rangi tu, haliuoni mti.

Vaa glavu za nitrili tangu unapofungua kopo. Rezini mbichi husababisha mzio wa ngozi ambao ukishakupata hauondoki, na kila ukiigusa tena unazidi. Ikikudondokea, ipanguse kwa karatasi kavu kisha osha kwa sabuni na maji. Usitumie thina mwilini, kwa kuwa huipenyeza ndani ya ngozi.

6. Mimina jioni

Lebo nyingi hutoa muda wa kufanya kazi kwa nyuzi 20 hadi 25. Joto likipanda kwa nyuzi 10, muda huo hupungua karibu nusu. Epoksi yenyewe hutoa joto inapoganda, na ikiwa nyingi ndani ya kikombe chembamba inaweza kufuka moshi na kuyeyusha plastiki. Kwa hiyo ukimaliza kukoroga, mimina. Usikiache kikombe kikusubiri.

Jioni ndiyo saa nzuri kwa sababu nyingine pia. Mti ukipata joto, hewa iliyo ndani yake hutanuka na kutoka kama viputo. Jua likishuka, mti hupoa, hewa husinyaa, na rezini huvutwa ndani badala ya kusukumwa nje. Mimina kama uzi mwembamba kutoka upande mmoja wa ufa, uiache isambae yenyewe. Pitisha hewa moto juu kwa sekunde chache, ukiisogeza muda wote, viputo vya juu vitapasuka. Kama ufa ni mrefu kwenda chini kuliko kina kilichoruhusiwa, jaza kwa awamu mbili.

Funika kwa sanduku lililo safi. Usiku wa pwani una unyevu mwingi, na asubuhi unaweza kukuta utando wa mafuta juu ya rezini. Uoshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ukaushe, upige msasa kidogo kabla ya awamu ya pili.

Kuhusu mitungi ya shinikizo inayosinyaza viputo: inafanya kazi, ila tumia iliyotengenezwa na kupimwa kwa shinikizo hilo tu. Mtungi uliounganishwaunganishwa gereji ni bomu.

7. Subiri

Saa 24 hadi 72 rezini itakuwa ngumu mkononi, lakini nyingi huhitaji kama siku saba kukomaa. Jaribu kwa ukucha pembeni: ukiacha alama, bado. Kukereza rezini changa kuna ubaya mara mbili. Hujisokota na kunata kwenye patasi, na vumbi lake lina kemikali ambazo bado hazijafungwa.

Mabaki ya kikombe yaache yagande ndipo uyatupe. Usiyamwage kwenye karo.

8. Kereza

Kaza kipande kwenye sahani ya chuma kwa skrubu zinazoingia kwenye mti. Zisiishie kwenye rezini wala kwenye mstari wa ufa. Sogeza kichwa cha nyuma cha mashine kikisukume kipande kwa mbele hadi utakapolazimika kukiondoa. Zungusha kwa mkono kwanza uone kama kinagusa popote.

Upande wenye rezini ni mzito kuliko upande wa mti mtupu, kwa hiyo kipande hakijasawazika hata kama ni duara kamili. Anza na mizunguko 400 hivi kwa dakika. Mashine ikitikisika, punguza. Kikishasawazika, tumia hesabu hii: upana kwa sentimita ukizidishwa na mizunguko kwa dakika ubaki kati ya 15,000 na 23,000. Kwa sentimita 20 ni mizunguko 750 hadi 1,150. Vaa ngao ya uso mzima, barakoa ya vumbi laini, mikono mifupi au iliyobanwa, na vua glavu. Unapowasha, simama pembeni, usisimame mbele ya kipande.

Noa patasi ya mviringo kabla ya kuanza na unoe tena katikati ya kazi. Epoksi hula makali kuliko mwembe, na patasi butu haikati rezini, inaing'oa vipande kwenye kingo. Ingia kwa kina kidogo, mkono ukitembea polepole kutoka mti kuelekea rezini bila kubadili nguvu. Utasikia tofauti: kwenye mti sauti ni ya kukwaruza, kwenye rezini inakuwa mluzi laini. Makali yakiwa sawa, rezini hutoka kwa nyuzi ndefu nyeupe. Zikianza kugeuka unga au vigae, rudi kwenye jiwe la kunolea. Nyuzi hizo hujisokota kwenye kipande. Zima mashine ndipo uzitoe.

Ukikuta tundu la kiputo lililofunguka, simama hapohapo. Lijaze kwa epoksi kidogo yenye rangi ileile, subiri, endelea. Ukingoja mpaka mwisho, ukuta utakuwa umebaki mwembamba mno kurekebishwa.

Takataka za mashine zenye epoksi usizichome jikoni wala usizitandike bandani kwa kuku. Zifunge kwenye mfuko, zitupwe.

9. Msasa

Anza na namba 120, kisha 180, 240, 320, 400. Mti unaridhika hapo. Rezini hairidhiki, kwa sababu ni angavu na kila mkwaruzo unaonekana hadi ndani, hivyo sehemu yake ipeleke hadi 600, 1,000 na 2,000. Kila unapobadili namba, zima mashine, piga msasa kwa mkono kufuata nyuzi za mti, kisha pangusa vumbi lote. Chembe moja ya namba 120 iliyobaki itachora pete nzima ukiwa kwenye 600.

Weka mizunguko chini na usikandamize. Joto la msasa hulainisha epoksi, ikaanza kupaka badala ya kusagika. Gusa kwa kidole mara kwa mara. Ikiwa ya moto, pumzika.

10. Mafuta na nta

Mafuta ya kitani yaliyochemshwa huingia kwenye mwembe na kukauka. Paka tabaka jembamba, ngoja dakika 15, futa kila kilichobaki, hasa juu ya rezini ambayo hainywi kitu. Rudia kesho yake. Mafuta ya kupikia, ya nazi yakiwemo, hayakauki, hubaki yakinata na kukusanya vumbi. Vitambaa vyenye mafuta ya kitani usivikunje ukavitupa kwenye kona, kwani hujipasha joto vyenyewe hadi kuwaka moto. Viloweke majini au vitandaze nje vikauke.

Mafuta yakikauka, malizia kwa nta ya nyuki na kitambaa cha pamba mashine ikizunguka taratibu. Nta ya Tabora inafaa sana, ichujwe tu isiwe na mchanga. Sehemu ya rezini ikionekana hafifu, isugue kabla ya nta kwa dawa ya kung'arishia rangi za magari.

Bakuli hili ni la matunda, tende au karanga. Kama litagusa chakula kila siku, hakikisha lebo ya epoksi ilisema inafaa kwa hilo ikishaganda kabisa. Uji na mchuzi wa moto usitiwe: epoksi nyingi huanza kulainika kati ya nyuzi 50 na 70. Lioshwe kwa maji baridi na kukaushwa palepale bila kulowekwa, na lisikae dirishani kwenye jua, kwa sababu mwanga huo huigeuza rezini kuwa ya njano. Mng'ao ukififia baada ya miezi, nta kidogo na kitambaa kikavu vinaurudisha.